Mtakatifu Karoli Lwanga, Mlezi wa Wasomaji



Kila mwaka, tarehe 3 Juni, Kanisa lawakumbuka Watakatifu Mashahidi wa Uganda. Jina la Karoli Lwanga mmelisikia mara nyingi, nanyi mwajua ya kuwa alichomwa moto kwa ajili ya Kristo. Lakini kabla ya kuwa shahidi, Karoli alikuwa mkatekumeni kama ninyi, tena mkatekumeni aliyewafundisha na kuwalinda wenzake. Leo tutazame hasa jambo hilo. Karoli alililea kundi la vijana waliokuwa wakijifunza pamoja, akalipenda hata moto haukuweza kulitawanya.

KIJANA WA BUDDU

Karoli Lwanga alizaliwa kati ya mwaka 1860 na 1865 katika ufalme wa Buganda, upande wa kaskazini wa ziwa Nyanza. Alilelewa katika jimbo la Buddu. Alipokuwa kijana aliingia katika utumishi wa mkubwa mmoja wa nchi, kama ilivyokuwa desturi ya vijana wa siku zile.

Wakati huo dini ya Kristo ilikuwa ngeni kabisa katika Buganda. Mapadri Weupe wa kwanza, Padre Simeoni Lourdel na Bruda Amans, walifika mwezi wa Februari 1879. Watu wa nchi walimpenda sana Padre Lourdel, wakamwita Mapera, maana walisikia wenzake wakimwita baba kwa lugha ya Kifaransa. Mwaka 1880, siku ya 27 Machi, wanafunzi wa kwanza wakabatizwa. Karibu na wakati huo ndipo Karoli aliposikia mafundisho kwa mara ya kwanza, naye akaanza kujifunza.

Sasa sikilizeni neno moja la maana. Katika lugha ya Waganda, kusoma kitabu na kumwomba Mungu ni kitendo kimoja chenye jina moja. Mtu akiifuata dini waliita kusoma, na wote walioifuata waliitwa wasomaji. Mkatoliki aliitwa msomaji, na yule wa Kiprotestanti aliitwa msomaji vilevile. Basi darasa lao lilikuwa mahali pa sala, na sala yao ilikuwa darasa. Waliofunuliwa herufi walifunuliwa pia njia ya mbinguni.

WASOMAJI WASIO NA PADRE

Mwezi wa Novemba 1882 hali katika Buganda ilikuwa ya hatari, na mapadri waliona imewapasa kuondoka. Walikwenda kusini, ng'ambo ya ziwa, wakakaa huko Bukumbi. Hawakurudi mpaka mwezi wa Julai 1885. Hesabuni wenyewe: ni karibu miaka 3 bila padre, bila Misa, bila kitubio.

Je, wasomaji walifanya nini? Mtu wa nje angalidhani ya kuwa moto huo mdogo utazimika. Lakini mapadri waliporudi waliwakuta wasomaji wamekuwa wengi kuliko walivyowaacha. Sababu yake ni kwamba kila aliyejua kidogo alimfundisha asiyejua. Katika nyumba ya mfalme aliwaongoza Yosefu Mukasa Balikuddembe, mtumishi mkubwa aliyebatizwa mwaka 1882. Katika mji wa mfalme alikuwako Andrea Kaggwa, mkuu wa wapiga ngoma, ambaye nyumba yake ilikuwa wazi kwa wanafunzi. Na mbali kule Mityana walikuwako Matia Mulumba, mwamuzi wa watu, na Noa Mawaggali, mfinyanzi wa vyungu.

Watazameni watu hao. Andrea alikuwa Mnyoro. Alitekwa vitani angali mtoto, akaletwa Buganda kama mateka. Matia alizaliwa Busoga, naye pia alitekwa akiwa mdogo. Baadaye, kati ya vijana wa Karoli, tunamkuta Anatoli Kiriggwajjo, ambaye naye alitoka Bunyoro. Waganda na Wanyoro walikuwa maadui wa vita tangu zamani. Katika nchi yote, mateka alikuwa mtu wa chini na mwenye cheo alikuwa mtu wa juu. Lakini kati ya wasomaji, yule aliyetekwa aliweza kuwa mwalimu, na mtoto wa mkubwa akaketi chini amsikilize. Wala hawakuona haya, kwa sababu walikuwa wamejifunza katika fundisho la kwanza kwamba Mungu ni mmoja, naye ni Baba wa watu wote.

KAROLI KATIKA NYUMBA YA MFALME

Mwezi wa Oktoba 1884 Kabaka Mutesa alikufa, na mwanawe Mwanga akatawala mahali pake. Mwanzoni mwa utawala huo Karoli aliingia katika utumishi wa mfalme. Aliwekwa awe mkuu wa vijana watumishi wa baraza kubwa, chini ya Yosefu Mukasa.

Karoli alikuwa na nguvu nyingi mwilini, na katika mieleka alisifiwa kuliko wengine. Vijana hupenda mtu wa namna hiyo. Lakini nguvu zake hakuzitumia kuwatisha wadogo. Aliwapenda, nao wakamtegemea kama kaka yao mkubwa.

Na kwa kweli walihitaji kaka wa namna hiyo. Kabaka Mwanga alikuwa ameingia katika tabia mbaya, akiwataka vijana watumishi wake wamtendee mambo machafu yanayokatazwa na amri ya Mungu. Yosefu Mukasa na Karoli walijua hatari hiyo. Waliwaficha vijana, waliwatuma mbali kwa kazi nyingine saa ya hatari ilipofika, na waliwafundisha kukataa bila kuogopa. Hivyo mfalme alianza kuwachukia wasomaji.

Fahamuni vizuri jambo hili, hasa ninyi mlio wazazi na ninyi mlio wakubwa katika darasa la dini. Karoli hakufikiri ya kuwa kazi ya mwalimu ni kuingiza maneno tu katika kichwa cha mtoto. Alijua kwamba mtoto mwenye hofu hawezi kujifunza, na kwamba anayemfundisha mtoto amepewa pia deni la kumlinda. Mwalimu asiyejali mtoto analala wapi, anakula nini, na nani anamwonea, huyo amefanya nusu ya kazi.

SIKU YA UBATIZO WAKE

Mwezi wa Oktoba 1885 Kabaka Mwanga aliamuru auawe Askofu Hannington wa Kanisa la Anglikana, aliyekuwa akiikaribia Buganda kwa njia ya mashariki. Yosefu Mukasa alikuwa na moyo wa kumwambia mfalme kwamba kumwua mgeni asiye na kosa ni dhambi. Mfalme alikasirika. Tarehe 15 Novemba 1885 Yosefu alikatwa kichwa na mwili wake ukachomwa moto. Akawa shahidi wa kwanza wa Wakatoliki wa Uganda.

Siku ile ile Karoli alikwenda kwa mapadri pamoja na wengine, akaomba ubatizo. Alikuwa amejifunza kwa muda wa miaka 5 hivi. Kwa maana Kardinali Lavigerie, aliyewaanzisha Mapadri Weupe, alikuwa ameweka sheria kwamba ukatekumeni udumu miaka 4, ili mtu asibatizwe kwa haraka na kurudi nyuma kwa haraka. Karoli hakunung'unika kwa sababu ya muda huo. Miaka ile yote ya kungoja aliitumia kujenga moyo wake na kuwajenga wengine.

Fikirini pia saa aliyoichagua. Mtu mwenye hekima ya dunia angalisema ya kuwa siku hiyo ndiyo ya kujificha, maana mkubwa wa wasomaji ameuawa. Karoli alifanya kinyume: alipokea ubatizo, kisha akachukua mahali pa Yosefu. Tangu siku hiyo yeye ndiye aliyekuwa kiongozi wa wasomaji katika nyumba ya mfalme. Hakuwa padre, wala hakuwa mtu wa elimu nyingi. Alikuwa Mkristo mpya, aliyewatangulia wenzake hatua chache tu katika njia, akigeuka nyuma mara kwa mara kuona kama wote wanafuata.

USIKU WA MUNYONYO

Miezi 6 ilipita. Tarehe 25 Mei 1886 Kabaka alirudi kutoka mawindoni mpaka Munyonyo, kando ya ziwa, ambako alikuwa akikaa. Akawauliza watumishi wake walipo, akaambiwa ya kuwa kijana Denis Ssebuggwawo alikuwa akimfundisha mwenzake dini. Mfalme akawaka hasira, akamchoma Denis kwa mkuki. Asubuhi yake Denis akauawa. Kosa lake lilikuwa hilo moja, kwamba alimfundisha mwenzake.

Usiku ule milango ya boma ilifungwa, na wanyongaji wakaitwa. Karoli aliwakusanya vijana wake. Aliwaandaa, akasali pamoja nao usiku kucha. Kati yao walikuwako wakatekumeni ambao siku ya ubatizo wao ilikuwa bado. Karoli hakutaka hata mmoja aingie katika hatari ile bila neema ya sakramenti. Akatwaa maji akawabatiza: Mbaga Tuzinde, Gyavira, Mugagga, na Kizito aliyekuwa mdogo kuliko wote, mwenye miaka 14 hivi. Wakristo wote, kama mjuavyo, wanaweza kubatiza katika hatari ya kufa. Karoli alilijua fundisho hilo, akalitumia saa ilipofika.

Kulipokucha waliitwa mbele ya mfalme. Kabaka aliamuru kwamba wasiosali wabaki karibu naye, na wanaosali wasimame upande wa pili, karibu na ua. Karoli aliinuka wa kwanza, akamshika Kizito mkono, wakaenda pamoja. Wengine wakafuata. Mfalme aliwauliza kama wanataka kubaki Wakristo. Walijibu ya kuwa watabaki hivyo mpaka kufa. Basi wakahukumiwa kufa kwa moto huko Namugongo. Padre Lourdel, aliyekuja kuwaombea huruma, aliwaona wakipita wamefungwa kamba, wala hakuweza kuwasaidia.

MUKASA NA GYAVIRA

Njiani lilitokea jambo ambalo nataka mlishike sana moyoni.

Kijana mmoja, Mukasa Kiriwawanvu, alikuwa mkatekumeni. Usiku wa Munyonyo hakuwako pamoja na wenzake, kwa sababu alikuwa gerezani. Alikuwa amegombana na Gyavira, wakapigana, naye akafungwa kwa ajili ya kosa hilo. Kwa hiyo hakubatizwa usiku ule. Lakini wafungwa wa Kristo walipopitishwa, naye alitolewa gerezani. Alipoulizwa habari ya dini yake, hakujificha, bali alikiri ya kuwa yeye pia ni msomaji. Akaunganishwa nao. Ndipo Gyavira, yule yule waliyepigana naye, akampokea kwa furaha, na ugomvi wao ukaisha. Wote wawili walikufa siku moja katika moto mmoja. Mukasa hakumwagiwa maji ya ubatizo duniani. Alibatizwa katika damu yake mwenyewe, naye leo ni mtakatifu pamoja na wengine.

Enyi wakatekumeni, msidhani ya kuwa darasa la watakatifu halikuwa na magomvi. Lilikuwa na magomvi, tena ya ngumi na ya gereza. Tofauti ni hii, kwamba walikubali kupatana, na mlango haukufungwa mbele ya aliyechelewa.

NAMUGONGO

Huko Namugongo walikaa siku nyingi wamefungwa, wakingoja kuni zikusanywe. Walisali pamoja asubuhi na jioni, wakitiana moyo. Tarehe 3 Juni 1886, siku ya Kupaa kwake Bwana wetu, wakatolewa nje.

Karoli alitengwa na wenzake. Mtunza moto wa wanyongaji alimtaka awe wake, amchome peke yake. Aliagana na vijana, akiwaambia kwamba wataonana tena upesi mbinguni. Aliwekwa juu ya kuni, na moto ukawashwa pole pole kuanzia miguuni. Hakulia wala hakulaani. Alimwonya mnyongaji ageuke na kuamini, akasali, na mwisho akamwita Mungu wake kwa sauti, akakata roho.

Wenzake walifungwa katika mafungu ya matete na kuchomwa pamoja. Mbaga Tuzinde alikuwa wa jamaa ya mkuu wa wanyongaji, ambaye alimsihi sana akubali kufichwa aokoke. Mbaga alikataa kuwaacha wenzake. Katika moto ule, pamoja na Wakatoliki, walikufa vijana wa Anglikana pia, wasomaji kama wao. Vijana 3 waliokuwa wamehukumiwa waliachiliwa dakika ya mwisho; hao ndio waliosimulia baadaye mambo waliyoyaona.

Wakatoliki waliouawa kati ya 1885 na 1887 ni 22. Baba Mtakatifu Benedikto wa 15 aliwatangaza wenye heri tarehe 6 Juni 1920. Mwaka 1934 Karoli aliwekwa kuwa msimamizi wa vijana wa Afrika. Na tarehe 18 Oktoba 1964, wakati wa Mtaguso wa pili wa Vatikano, Baba Mtakatifu Paulo wa 6 aliwatangaza watakatifu mbele ya maaskofu wa dunia yote.

MAFUNDISHO KWETU SISI

Mwaka ule ule 1885, Karoli alipobatizwa, Mapadri Weupe walipokea ngome ya Mpala kwenye ziwa letu Tanganyika. Kwa hiyo mbegu iliyopandwa Buganda na mbegu iliyopandwa katika nchi yetu zilitoka katika kapu moja. Yatupasa kujiuliza kama inazaa matunda yale yale.

Hapa Manono hatuwezi kusema ya kuwa habari ya Wanyoro na Waganda ni ya mbali. Katika miaka ya 2016 na 2017 vita kati ya Watwa na Waluba viliwaka katika nchi yetu. Watu waliuawa pande zote mbili, vijiji viliteketea, shule ziliharibiwa, watoto walikimbia porini. Leo wengi wamerudi. Mtwa na Mluba waja kanisani kwa mlango mmoja. Lakini mimi nifundishaye watoto naona mara nyingine kiti kirefu kimejaa upande huu, na upande ule mtoto ameketi peke yake. Hakuna aliyemfukuza, ila hakuna aliyemsogelea. Vivyo hivyo katika mafundisho ya wakubwa: mama mzee asiyejua herufi huchekwa akikosea, na yule mwenye nguo iliyochakaa hukaa nyuma karibu na mlango, mpaka siku moja haji tena. Nasi twasema ya kuwa ameacha dini. Mara nyingine ni darasa lililomwacha yeye.

Mtakatifu Karoli atufundisha mambo matatu.

La kwanza: kila ajuaye amfundishe asiyejua. Ukijua sala moja, hiyo yatosha kuanza. Usingoje mpaka padre apite kijijini. Wasomaji wa Buganda walikaa karibu miaka 3 bila padre, wakaongezeka.

La pili: mwenye nguvu amlinde mdogo. Mkono wa Karoli uliozoea mieleka ndio ulioushika mkono wa Kizito. Mtoto akionewa shuleni, nyumbani au njiani, anayejua asinyamaze.

La tatu: tupatane kabla ya saa kufika. Gyavira angaliweza kugeuza uso wake Mukasa alipotolewa gerezani, lakini alimpokea. Ikiwa kuna mtu katika kundi lako la katekisimu ambaye jamaa yake na jamaa yako zilimwaga damu, usianze kwa maneno makubwa. Jumapili ijayo nenda ukaketi karibu naye. Mwonyeshe mstari wa katekisimu mnaousoma. Naye akikuonyesha usilolijua, pokea kwa shukrani.

Siku ya ubatizo wenu mtaitwa kila mtu kwa jina lake. Lakini msiende kisimani kila mtu peke yake. Mfike wote, mkiwa mmeshikana mikono kama Karoli na Kizito, wala pasiwe na mmoja aliyeachwa nyuma njiani.

Mtakatifu Karoli Lwanga na wenzako, mtuombee.